Bwawa Linalopumua

Jumatatu, 3 Machi 2025

Mvua ya kwanza imenyesha leo, saa tisa na robo alasiri, dakika arobaini, kutokea upande wa ziwa. Nimefungua daftari jipya kama ninavyofanya kila masika tangu mwaka 1977, nilipovuka mpaka na mume wangu Ekwaro tukiwa na masanduku mawili na redio. Miaka thelathini na tisa niliandika masika ya Tanzania. Haya ni ya tisa ninayoandika nyumbani, kama nyumbani ni neno lenyewe. Shamba la baba kule Kiyeyi sasa ni mihogo ya watu wengine. Ni watu wema, waliuziwa na mtu asiyekuwa na haki ya kuuza, na nikipita hunisalimu kwa heshima kama mgeni.

Ninaishi kwa Geoffrey, mtoto wa marehemu kaka yangu, nje kidogo ya mji wa Busia, upande wa Uganda, kwenye barabara iendayo Tororo. Amenipa chumba chenye dirisha kubwa kuliko yote. Dirisha linatazama bwawa.

Alhamisi, 6 Machi

Nilieleze bwawa, maana nalitazama kila siku na sijawahi kuliandika.

Geoffrey alilichimba mwaka jana, nyuma ya nyumba, pale palipokuwa na migomba. Ni hatua kumi na nne kwa sita. Vigae ni vya buluu. Kwenye ukuta wa mbali, chini ya maji, kuna midomo miwili ya bomba, na kando yake kibanda cha pampu chenye mlango wa chuma. Watu wanaolisifia husema maji ni safi. Mimi ningesema ni maangavu kupita kiasi. Asubuhi isiyo na upepo huwezi kuona yanapoanzia. Leo jani la mwembe wa jirani limeanguka, na kwa muda lilionekana limesimama hewani, halijashikwa na kitu.

Jumamosi, 8 Machi

Benard amekuja. Ndiye anayetunza bwawa, kijana wa Busia ya Kenya, huvuka mpaka kwa bodaboda na ndoo zake za klorini. Mlango wa kibanda ulikuwa wazi, nikasogea kutazama. Nilitunza maabara ya shule ya wasichana kwa miaka ishirini na sita, na jicho langu haliwezi kupita mbele ya chupa bila kutafuta lebo.

Hapakuwa na lebo. Ukutani juu ya pampu kulikuwa na jerikani mbili za njano zilizokuwa zamani za mafuta ya kupikia, zimetundikwa kwa misumari. Kutoka kila moja ulishuka mpira mwembamba wa dripu, ile ya hospitali, na kile kikombe chake kidogo cha kuhesabia matone. Mipira yote miwili iliingia kwenye bomba moja, karibu kabisa na pampu.

"Umeona kazi, shosho?" Benard alisema, maana kwao bibi ni shosho. "Hii ni idea yangu mwenyewe. Moja ni klorini, moja ni asidi. Tone, tone, tone. Mgonjwa ni swimingi, daktari ni mimi."

"Kwa nini usiweke kwa mkono, moja leo, nyingine kesho?"

"Ningekuwa nakuja hapa kila siku. Niko na swimingi saba, shosho. Mbili ziko Tororo. Nitalala saa ngapi?"

"Na umeme ukikatika?"

"Umeme ukikatika kila kitu inalala."

"Pampu inalala," nikamwambia. "Dripu hailali."

Alicheka akanigusa bega. "Shosho, wewe ulikuwa mwalimu. Naona tu."

Sikuwa mwalimu. Nilikuwa mtu wa kuosha chupa na kujua ni chupa zipi hazikai rafu moja.

Jumapili, 9 Machi

Mvua. Kanisa. Kuku kwa wali.

Jumatano, 12 Machi

Vyura wanapiga kelele bondeni usiku na mchana tangu mvua ianze. Uani kwetu kimya. Nilidhani ni masikio yangu, nikamuuliza Justine, mke wa Geoffrey.

"Kweli senga, hapa hawakuji," alisema. "Hata mbu hakuna. Si ni vizuri?"

Mimi ni senga kwake kwa sababu ni shangazi wa mumewe. Hapa jina hilo ni la heshima, na ni la kazi pia, maana senga hutarajiwa kusema yale ambayo mama mzazi hawezi kuyasema.

Baadaye nilizunguka kibanda cha pampu. Hakuna utando wa buibui hata mmoja, wala mjusi. Kufuli aliyoinunua Geoffrey Januari imeliwa na kutu kana kwamba imetolewa baharini.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeliona leo.

Umeme ulikatika saa nane na dakika kumi. Ulirudi saa kumi na moja kasoro robo. Nilikuwa dirishani na kitabu. Pampu iliguna kibandani, kama mtu mzee anayeamshwa, kisha kule chini ya maji midomo miwili ya bomba ilifunguka. Sina namna nyingine ya kuandika. Yalitoka mapovu makubwa, meupe, na ndani ya mapovu rangi, njano inayoelekea kijani, kama maji ya limau. Yalipanda juu yakapasuka. Kisha maji yakatulia, yakawa kioo tena.

Harriet, binti yao wa miaka kumi na tatu, aniitaye jaja, yaani bibi, alikuwa ameketi kibarazani akisuka nywele zake.

"Jaja, umeona?" alisema bila kugeuka. "Hufanya hivyo. Inapumua."

Jumamosi, 15 Machi

Umeme: saa tatu hadi saa nne asubuhi. Pumzi: sekunde kumi na moja, kwa saa ya Ekwaro.

Jumatatu, 17 Machi

Umeme: saa sita hadi saa tisa. Pumzi: sekunde thelathini na nne.

Jumanne, 18 Machi

Umeme haukukatika. Hakuna pumzi.

Alhamisi, 20 Machi

Umeme: saa moja asubuhi hadi saa saba. Pumzi: dakika moja na sekunde tano. Jani la mgomba lililokuwa likielea pembeni limekuwa jeupe upande mmoja, kama limepakwa chokaa.

Sasa nina hakika. Umeme ukikatika, pampu inasimama lakini matone yanaendelea. Klorini na asidi, vitu viwili ambavyo havipaswi kuonana, vinakutana ndani ya bomba gizani, maji yasipotembea. Vikikutana vinazaa gesi. Umeme ukirudi, pampu inaitupa gesi yote nje kwa mkupuo. Kadiri umeme unavyokaa mbali ndivyo pumzi inavyokuwa ndefu. Hii si ajabu wala siri. Mwaka 1991 mfagiaji wetu mpya wa shule alimimina dawa mbili kwenye choo kimoja ili king'ae zaidi. Alipona, lakini hadi nastaafu nilikuwa namtambua kwa kikohozi kabla hajaingia mlangoni.

Naandika haya kwa utulivu. Lakini nikiwa dirishani, pampu inapoguna, nywele za mikono yangu zinasimama kabla akili yangu haijasema neno.

Ijumaa, 21 Machi

Nimezungumza na Geoffrey baada ya chai. Nilikuwa nimepanga maneno yangu. Yeye ndiye aliyenifuata mpakani mwaka 2016 na kunibebea sanduku. Sili chochote ambacho si chake. Mtu wa namna yangu hapaswi kukosoa nyumba aliyokaribishwa bila kufikiri mara tatu. Nilifikiri mara tatu, nikasema.

Alinisikiliza hadi mwisho. Ni mtoto mwenye adabu.

"Senga, hii maji iko safi. Angalia. Unaweza hesabu tiles chini. Maji ya sumu inakaa hivi?"

"Ndiyo. Inaweza kukaa hivyo hivyo."

"Benard ako na cheti ya Nairobi."

"Umekiona?"

Akacheka. "Senga, wewe nasoma vitabu mingi. Pumzika sasa. Umefika nyumbani."



Jumatano, 26 Machi

Justine ana maelezo yake. Wachimbaji walipokuwa wakitoa migomba walikuta vigae vya chungu na kitu kama mfupa, wakavitupa bila kumwita mtu. Tangu hapo, anasema, pale pana mwenyewe. Anaiona pumzi kama mimi ninavyoiona, na anaihesabu pia, kwa njia yake: ilitoka siku aliyogombana na mumewe, ilitoka siku ya msiba wa jirani.

"Wewe unasema dawa," aliniambia jikoni, akichambua mboga. "Dawa inajua siku ya msiba?"

"Siku ya msiba umeme ulikatika tangu asubuhi, Justine."

"Eeh. Na nani aliukata?"

Jumatano, 2 Aprili

Harriet alikuwa majini leo umeme uliporudi. Ulikuwa umekatika dakika ishirini tu, na mimi nilikuwa nimelala. Nimelala! Niliamshwa na sauti ya kukohoa, nikamkuta amekaa ukingoni, ameinama, macho mekundu, kamasi na machozi, mama yake akimpiga mgongo.

"Ilinishika hapa," alisema alipopata sauti, akionyesha koo. "Jaja, ilikuja usoni kabisa. Ilikuwa ya moto."

Kliniki walisema ni mafua ya mvua, wakampa dawa ya maji. Niliwaambia habari ya klorini. Muuguzi aliandika kitu, na nilipochungulia alikuwa ameandika umri wangu.

Ijumaa, 4 Aprili

Bado anakohoa. Geoffrey amepiga marufuku kuogelea. Nilifurahi kwa saa moja hivi, hadi nilipojua sababu. Si kwa ajili yangu. Justine amemwita mchungaji.

Jumapili, 6 Aprili

Mchungaji Ecodu amekuja baada ya ibada. Ni mtu wa Teso, mnene, mcheshi, sauti yake inajaza ua bila kipaza sauti. Bahati mbaya umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi na ulirudi akiwa amesimama ukingoni kabisa, Biblia kifuani. Pampu ikaguna. Midomo ikafunguka. Sekunde hamsini. Alirudi nyuma hatua tatu, na namheshimu kwa kutoficha kwamba aliogopa.

"Hapa iko kitu," alisema.

Nilimweleza. Alinisikiliza kuliko wote.

"Jaja, sayansi ni nzuri sana. Mimi mtoto wangu nasoma sayansi. Lakini sayansi napima maji. Hii kitu ilishika mtoto kwa shingo." Kisha akamgeukia Geoffrey. "Maji hii hatuifungi. Tukiifunga, imetushinda. Tutaifanya ya Bwana. Ubatizo, Jumatatu ya Pasaka. Watu thelathini na mmoja. Na mtoto wako ndiye wa kwanza."

Justine alilia. Harriet alinitazama mimi.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua siku nzima.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimeikariri hatari mara nyingi hadi imekuwa kama sala. Thelathini na mmoja ndani ya maji. Kichwa kinazamishwa, kinainuliwa, na mtu anapoinuka kutoka majini anavuta pumzi kwa nguvu zote alizonazo. Ni hapo.

Nimefikiri pia upande wa pili, maana haki ni kufikiri pande zote. Klorini inalinda. Bila klorini, watu thelathini na mmoja na mvua hizi za tope, tungepata kuhara na ugonjwa wa macho. Asidi nayo ina kazi yake. Sisemi vitupwe. Nasema tu visikutane. Ni jambo dogo kiasi kwamba linaonekana halistahili kelele.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimemsubiri Benard getini. Nimemweleza kuhusu Harriet. Hakucheka.

"Kwa hivyo alikohoa siku ngapi?"

"Hii ni ya kumi."

Alitazama chini. Alisema wateja wawili wengine wamelalamika juu ya macho. Alisema atafunga dripu zote mbili Jumamosi ya Pasaka na asizifungue hadi ubatizo uishe.

"Nakuapia, shosho. Usiambie boss tuliongea. Ataniona sijui kazi."

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Umeme umekatika saa sita mchana. Haujarudi hadi ninapoandika haya, jua likizama. Benard alikuja jana, nilimwona akiingia kibandani. Nimetulia.

Jumanne, 22 Aprili

Jana sikuandika. Nitaandika kwa mpangilio.

Saa mbili asubuhi nilikwenda kwenye kibanda kuhakikisha. Kilikuwa kimefungwa, lakini kina tundu la hewa lenye wavu. Niliweka jicho. Kulikuwa na giza, kisha taratibu nikaona vile vikombe viwili vya dripu, na ndani ya kila kimoja tone likijikusanya, likinenepa, likianguka. Moja. Kisha la pili upande wa pili. Havikuwa vimefungwa. Vilikuwa vinadondosha ndani ya bomba lililolala, saa ishirini mfululizo.

Nilimpigia Benard.

"Mimi nilifunga, shosho, haki ya Mungu. Boss alinipigia Jumamosi jioni akasema nirudi nifungue, watu ni wengi, maji isichafuke. Ningemwambia nini?"

Geoffrey nilimkuta kwenye turubai akipanga viti, shati jeupe, uso wa mtu mwenye furaha. Nilimshika mkono.

"Senga," alisema kwa sauti ya chini, akitabasamu kwa wageni juu ya kichwa changu, "si leo. Nakuomba. Si leo."

Nikajiambia: umeme haupo. Bila umeme pampu haifanyi kazi. Wataingia, watatoka, hakuna kitakachotokea. Nilichukua kiti nikakaa mahali ninapoona maji na taa ya kibarazani, ambayo huwaka umeme ukirudi. Nilipanga kupiga kelele taa ikiwaka. Nilikuwa nimesahau kitu kimoja, na nilikisahau kwa sababu kwa miaka minane sijawahi kukiona kikitumika.

Saa nne na nusu waliimba. Maji yalikuwa maangavu kuliko siku zote. Wa kubatizwa walikuwa wamepangwa kwa kanzu nyeupe, na kwa kuwa maji hayakuonekana, vivuli vyao vilikuwa vimelala chini, juu ya vigae vya buluu kama watu wengine thelathini na mmoja wakisubiri zamu. Mchungaji Ecodu alishuka ngazi hadi kiunoni. Harriet akaweka mguu kwenye ngazi ya kwanza.

Kisha mpiga kinanda akalalamika kwamba chombo chake ni bubu. Nikasikia sauti ya Geoffrey nyuma ya nyumba: "Washa jenereta basi!"

Jenereta. Mtu alivuta kamba mara ya kwanza, ikakohoa. Harriet alikuwa ngazi ya tatu.

Nilisimama. Nilijua nina mivuto miwili, labda mitatu ya kamba. Nilikuwa na maelezo yote tayari, mazuri, ya kweli, nimeyafanyia mazoezi mwezi mzima, na nilijua hakuna hata mmoja atakayeyasikiliza hadi nukta ya mwisho. Kamba ikavutwa mara ya pili.

Nikapiga kelele kwa Kidhopadhola, lugha ya mama yangu, ambayo hapa hawajawahi kunisikia nikiipaza, kisha kwa Kiswahili:

"Tokeni! Kuna pepo majini! Nimemwona, anakuja! Tokeni, kimbieni juu, upande wa upepo!"

Sijawahi kuona watu wakitii hivyo. Mchungaji Ecodu alitoka majini na Harriet akiwa amembana kwapani kama mkungu wa ndizi. Viti vilianguka. Walikuwa wamefika getini, juu ya mteremko, jenereta iliposhika.

Pampu iliguna. Safari hii haikuwa mapovu. Uso wote wa maji kule mwisho uliinuka na kuanguka, na kutoka humo ukatoka ukungu wa njano ya kijani. Haukupanda kama moshi. Ulilala juu ya maji, ukajaza bwawa hadi ukingoni, kisha ukafurika taratibu ukashuka mteremko kuelekea kwenye maua ya Justine, ukiwa chini kama mnyama anayenusa ardhi. Jirani mmoja aliyerudi kuchukua viatu alikohoa hadi akapiga magoti, akavutwa na wenzake. Hakuna mwingine aliyeumia. Naandika hilo peke yake: hakuna mwingine aliyeumia.

Mtu alizima jenereta. Mchungaji Ecodu alisimama getini akilia na kukemea kwa sauti kuu, na ukungu, kama gesi yoyote inavyofanya kwenye upepo, ukatawanyika. Baada ya nusu saa hakukuwa na kitu.

"Ametoka!" wakaimba. "Ametoka!"

Maua ya Justine yalikuwa meupe yote.

Jumatano, 23 Aprili

Nimekwenda kwa Geoffrey kukiri. Nilimwambia sikuona pepo. Nilimwambia niliona matone. Nilimwambia nilidanganya kwa sababu ukweli ulikuwa mrefu mno.

Alikuwa na aibu kwa ajili yangu, nadhani.

"Senga, watu mia moja walikusikia. Na wote waliona. Kitu ilitoka, ikaenda. Sasa unaniambia haikuwa." Akafuta uso. "Nikuamini nani, wewe wa Jumatatu ama wewe wa leo?"

Ubatizo umepangwa upya, Jumapili hii.

Alhamisi, 24 Aprili

Wanawake wanne wamekuja kunisalimu wakiwa wamepiga magoti. Mmoja kutoka Merikit amesafiri asubuhi yote ili nimtazamie mtoto wake asiyelala. Nimemwambia mimi si mtu wa hivyo. Ameacha mayai.

Benard amejaza jerikani upya. Aliniogopa, hakunitazama.

Miaka hamsini nimeishi kwa kanuni moja, kuandika kilichoonekana na si zaidi. Niliivunja mara moja, kwa neno moja, na neno hilo limekula yote yaliyotangulia. Niliwatoa majini Jumatatu, na kwa kinywa kilekile nawarudisha Jumapili.

Ijumaa, 25 Aprili

Mvua. Harriet amekuja chumbani akakaa kitandani kwangu.

"Jaja, Jumapili niingie?"

"Hapana."

"Mama atasema lazima."

"Najua."

Jumamosi, 26 Aprili

Asubuhi nilimwomba Geoffrey azime pampu. Nilimwambia maji yanahitaji kupumzika kabla ya kazi ya kesho. Kwa kuwa sasa mimi ni mwenye kuona, alikubali bila kuuliza. Ilikuwa saa tatu. Nilichungulia kwenye tundu la wavu: matone yalikuwa yanaanguka.

Saa nane Justine alikwenda sokoni na Harriet. Nilivaa gomesi yangu ya zamani, nikafunga mshipi, nikashuka ngazi za bwawa. Sikuwahi kuingia humo. Maji yalikuwa ya vuguvugu, na nilipotazama chini niliona miguu yangu mbali sana, midogo, kama ya mtu mwingine aliyesimama chumba cha chini. Nilitembea hadi ukuta wa mwisho, maji yakafika kifuani. Midomo ya bomba ilikuwa mbele ya tumbo langu. Niliweka kiganja juu ya mmoja. Ulikuwa umetulia, na kutoka ndani yake, bila kelele yoyote, kilitoka kipovu kimoja, kikapita katikati ya vidole vyangu.

Nilimwita Geoffrey. Alikuja akikimbia.

"Senga! Unafanya nini humo?"

"Ufunguo unao. Ingia kibandani, washa pampu."

"Toka kwanza."

"Mchungaji amesema ametoka. Wewe umesema ametoka. Kama ametoka, maji haya ni maji tu. Washa."

Alifungua mlango wa chuma. Kutoka nilipokuwa niliona mkono wake ukipanda kwenye swichi, na juu yake jerikani mbili za njano. Harufu ilimfikia, akageuza uso. Lakini mkono haukushuka.

"Imezimwa kwa saa tano," nilisema. "Ni kidogo kuliko Jumatatu. Washa, Geoffrey. Kesho atakuwa Harriet hapa niliposimama. Leo ni mimi, nina miaka sabini na saba, si hasara kubwa. Washa."

"Senga, usiseme hivyo."

"Washa basi."

Sikuwa namtishia. Nataka iandikwe hivyo. Kama angeibonyeza ningebaki pale pale, kwa sababu nilikuwa nimekosa njia nyingine ya kumwambia. Kiganja changu bado kilikuwa kwenye mdomo wa bomba, kipovu cha pili kikapita.

Sijui tulikaa hivyo muda gani. Saa ya Ekwaro niliiacha mezani.

Kisha akauondoa mkono kwenye swichi polepole, kama mtu anayeuondoa kwenye kichwa cha nyoka. Nikasikia mpira ukichomolewa. Kisha wa pili. Alitoka na jerikani moja akaiweka kwenye kona ya ukuta, akarudi kuchukua nyingine, akaivusha ua mzima hadi upande wa pili wa nyumba. Hakuna aliyemwambia azitenganishe. Kisha akashuka majini na viatu vyake, akanishika mkono, akanitoa.

Tulikaa getini, juu, upande upepo unakotoka, nguo zikichuruzika. Alimpigia mchungaji, akasema kesho hakuna ubatizo, akasema sababu ni bomba. Alilazimika kulirudia neno hilo mara tatu. Kisha akakata simu, akatazama bwawa, ambalo lilikuwa jeupe na tupu kama hewa.

"Na ile iliyobaki ndani ya bomba?" aliuliza. "Hiyo tunaitoa namna gani?"

Nilifikiri. Nilipitia kila rafu ya ile maabara, chupa kwa chupa, hadi mlangoni.

"Sijui," nikamwambia. "Lazima tumtafute anayejua."

Aligeuka akanitazama vizuri, kwa mara ya kwanza tangu Machi. Nadhani hilo ndilo neno langu la kwanza aliloliamini.